Cheti Chenye Muhuri wa Dola Isiyotambuliwa

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa mabalozi, wahadhiri, na ninyi vijana mnaojiandaa kuingia katika utumishi wa mambo ya nje,

Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo vitabu vya sheria ya kimataifa hulimaliza kwa kurasa chache, ilhali humfikia ofisa wa ubalozi mapema kuliko anavyotarajia, na mara nyingi humfikia bila mwongozo wowote wa maandishi kutoka wizarani.

Humfikia hivi. Mama anakuja dirishani na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Cheti kimejazwa vizuri, kina namba, kina sahihi ya msajili, na muhuri unasomeka. Tatizo ni jina la nchi lililomo ndani ya muhuri huo, kwa kuwa katika orodha ya wizara nchi hiyo haimo. Mtoto yupo mikononi mwa mama yake. Hospitali alimozaliwa ipo. Msajili aliyetia sahihi yupo, tena analipwa mshahara na hazina ambayo nayo, kwa mujibu wa orodha ile ile, haipo. Ofisa akikipokea cheti, je, serikali yake itakuwa imeitambua dola hiyo? Na akikikataa, mtoto huyu atahesabiwa kuwa amezaliwa wapi?

Nimekuja kutetea rai moja, nayo ni kwamba maswali haya mawili hayakupaswa kufungwa kwa kamba moja. Swali la kuitambua dola ni la serikali, na serikali ina haki ya kulijibu kwa kukataa, hata kwa miaka 50. Swali la namna ya kuwatendea watu wanaoishi chini ya dola hiyo ni jingine, lina sheria yake, na halingoji jibu la lile la kwanza. Nchi nyingi zinayachanganya maswali haya kwa woga tu, zikidhani kwamba zinafuata sheria.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Ninaposema dola isiyotambuliwa namaanisha eneo lenye wakazi wake, lenye mipaka inayolindwa, na lenye serikali ambayo kwa miaka mingi imekusanya kodi, imeendesha shule na mahakama, na imejitangazia uhuru, lakini nchi nyingine, zote au karibu zote, zinakataa kuihesabu kuwa mwenzao. Simzungumzii mbabe wa vita aliyeuteka mji kwa miezi mitatu. Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933 ulitaja sifa nne za dola: wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuingia katika uhusiano na dola nyingine. Kifungu chake cha 3 kikaongeza kwamba kuwepo kwa dola kisiasa hakutegemei kutambuliwa na dola nyingine. Anayeusoma mkataba huo peke yake atadhani mjadala umekwisha, lakini mtego uko katika sifa ya nne, kwa maana hakuna awezaye kuonyesha uwezo wa kuhusiana na majirani iwapo majirani wote wamemfungia milango.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika bara la Afrika ni Somaliland. Eneo hilo lilipata uhuru kutoka kwa Uingereza tarehe 26 Juni 1960, na siku chache baadaye, tarehe 1 Julai, likaungana na eneo la kusini lililokuwa chini ya usimamizi wa Italia ili kuunda Jamhuri ya Somalia. Baada ya vita vya kutisha vya miaka ya 1980, ambavyo viliuacha mji wa Hargeisa ukiwa magofu, viongozi wa kaskazini walitangaza tarehe 18 Mei 1991 kwamba wameurudia uhuru wao. Wana sarafu yao, jeshi lao na mahakama zao. Wameshafanya chaguzi ambazo rais aliye madarakani ameshindwa na akaondoka kwa amani, jambo ambalo baadhi ya wanachama kamili wa Umoja wa Mataifa bado hawajalifikia. Hata hivyo, kwa miaka 30 ya kwanza hapakuwa na nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa iliyowatambua. Mwaka 2005 Umoja wa Afrika ulituma ujumbe kwenda kuangalia hali, na ujumbe huo ukashauri kwamba historia ya Somaliland itazamwe kwa upekee wake, bila hofu kwamba kuitazama hivyo kutawafungulia mlango wote wenye nia ya kujitenga. Ushauri huo haukufanyiwa kazi.

Tena tazameni jinsi dunia isivyo na mizani moja. Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahara, iliyotangazwa tarehe 27 Februari 1976, ina kiti chake katika Umoja wa Afrika na imetambuliwa na nchi nyingi kwa nyakati mbalimbali, ingawa sehemu kubwa ya ardhi inayoidai iko mikononi mwa Morocco. Mmoja ana nchi mkononi na hana cheti, mwingine ana cheti na nchi kubwa hana. Msingi wa tofauti hiyo uko katika historia ya kuondoka kwa wakoloni. Azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililopitishwa Cairo mwaka 1964 liliweka ahadi ya kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Sahara Magharibi, ambayo Hispania iliiacha bila wenyeji kuulizwa, inasimama ndani ya ahadi hiyo. Somaliland nayo husema inasimama ndani yake, kwa sababu ilikuwa na mipaka yake tarehe 26 Juni 1960, lakini wanaoipinga husema mpaka huo ulifutika siku tano baadaye kwa hiari ya wenyewe. Mimi naona hoja ya Somaliland ni nzito kuliko inavyosikilizwa, lakini sikuja kuitetea leo. Nilichotaka mkione ni kwamba kwa ukosefu wa jibu moja, mamilioni ya watu wamezeeka wakilingoja.

Ningewadanganya iwapo ningesema kwamba kukataa kutambua ni ukatili siku zote. Kuna nyakati ambapo kukataa ndiyo heshima pekee iliyobaki. Japan ilipoivamia Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, na kusimika serikali ya Manchukuo mwaka 1932, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Henry Stimson, alikuwa ameshatangaza mwezi Januari kwamba nchi yake haitakubali hali iliyoletwa kwa kuvunja mikataba, na Shirikisho la Mataifa likafuata msimamo huo. Kutokana na chanzo hicho ilikua kanuni ambayo leo ni nguzo ya sheria ya kimataifa, kwamba ardhi iliyotwaliwa kwa nguvu haitambuliwi kuwa halali. Bila kanuni hiyo tungerudi kwenye zama za mwenye nguvu mpishe.

Afrika ya kusini nayo ina funzo lake. Tarehe 26 Oktoba 1976 serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini iliitangaza Transkei, eneo ililowatengea Waafrika ndani ya nchi hiyo, kuwa nchi huru. Nia ilikuwa dhahiri, kwani kila Mwafrika aliyehesabiwa kuwa wa Transkei, hata kama alizaliwa na kukulia Johannesburg, alipoteza uraia wa Afrika Kusini siku hiyo hiyo. Uhuru huo ulikuwa njia ya kuwageuza wenye nchi kuwa wageni ndani ya nchi yao. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliukataa bila kura hata moja ya kupinga. Vituo vya mpakani kati ya Transkei na Lesotho vikafungwa, ili ufalme huo mdogo, uliozungukwa pande zote na Afrika Kusini, ulazimike kuzungumza na Transkei kama dola kwa dola. Lesotho haikuitambua, na mwezi Desemba mwaka huo Baraza la Usalama, kwa azimio namba 402, liliusifu uamuzi wake na kuomba mataifa yaisaidie. Ninaposoma habari za nchi ndogo namna hiyo kusimama hivyo mbele ya jirani mwenye bunduki na reli, napata fahari ambayo sioni sababu ya kuificha.

Sasa sikilizeni kitu ambacho watetezi wa kufunga milango yote hawakitaji. Hata pale ambapo dunia ilikuwa na hasira ya haki, sheria iliacha upenyo kwa ajili ya watu. Rhodesia ya Ian Smith, ambayo leo ni Zimbabwe, ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965 ili kulinda utawala wa Wazungu wachache, Umoja wa Mataifa uliiwekea vikwazo vikali. Azimio namba 253 la mwaka 1968 liliziamuru nchi zisimruhusu kuingia mtu anayesafiri kwa pasipoti ya utawala huo, lakini katika sentensi hiyo hiyo likaongeza maneno ya kuwaachia njia wenye sababu nzito za kibinadamu. Aliyeandika sentensi hiyo alikuwa anamfikiria mgonjwa.

Kisha ikaja Namibia. Afrika Kusini ilikuwa imenyang'anywa dhamana ya kuitawala Namibia mwaka 1966, lakini ilikataa kuondoka, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaombwa itoe maoni. Ilifanya hivyo tarehe 21 Juni 1971. Mahakama ilisema kuwepo kwa Afrika Kusini Namibia ni haramu, na kwamba mataifa yana wajibu wa kutokutambua matendo ya utawala huo. Aya ya 125 ya maoni hayo ndiyo ningependa kila mmoja wenu aijue kwa moyo. Humo Mahakama ilisema kwamba kutokutambua kusiwanyime watu wa Namibia manufaa yanayotokana na ushirikiano wa kimataifa, na kwamba ingawa matendo ya kiserikali ya utawala huo ni batili, ubatili huo hauwezi kuenezwa hadi kwenye matendo kama vile kusajili vizazi, vifo na ndoa, ambayo madhara ya kuyapuuza yangewaangukia wakazi wa eneo hilo.

Vizazi, vifo na ndoa: Mahakama ilichagua mifano hiyo mitatu kwa sababu ndiyo mambo ambayo mwanadamu hawezi kuyaahirisha hadi wanasiasa wapatane. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliirudia hoja hiyo katika kesi zilizotokana na mgawanyiko wa kisiwa cha Kupro kati ya kaskazini ya Waturuki na kusini ya Wagiriki, na katika hukumu ya mwaka 2001 kati ya Kupro na Uturuki ikaeleza kwamba maisha ya wakazi yanaendelea hata chini ya mamlaka isiyotambuliwa, na kwamba ni lazima maisha hayo yawe ya kuvumilika na yapate ulinzi, ukiwemo ulinzi wa mahakama zilizopo hapo.

Kwa hiyo yule mama wa dirishani jibu lake lipo tangu mwaka 1971. Ofisa atakipokea cheti kuwa ushahidi wa jambo lililotokea, yaani kwamba mtoto fulani alizaliwa siku fulani kwa mama fulani. Mahali pa kuzaliwa ataandika jina la mji. Hatahitaji kuandika jina la nchi inayobishaniwa, na serikali yake haitakuwa imetambua chochote, kwa sababu utambuzi katika sheria ya kimataifa ni suala la nia. Nchi haijikwai ikaangukia katika utambuzi bila kukusudia. Kutangaza rasmi, kupokea hati za balozi, kupigia kura uanachama katika Umoja wa Mataifa, haya ndiyo matendo yanayobeba nia hiyo. Kusoma tarehe katika cheti hakuibebi.

Najua pingamizi litakalotolewa, na si la kupuuzwa. Nchi mama, ile inayodai kwamba eneo hilo ni lake, huona kila barua na kila mkutano kuwa ni tone linalochimba jabali. Leo mmepokea cheti, kesho mtapokea pasipoti, keshokutwa mtafungua ofisi, na baada ya miaka kumi mtasema hali halisi imebadilika. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa baadhi ya serikali zimewahi kusogea hatua kwa hatua kwa nia hiyo hiyo. Dawa yake ni uwazi wa mapema. Nchi iandike waziwazi ni matendo gani itayahesabu kuwa utambuzi na yapi haitayahesabu hivyo, iikabidhi nchi mama waraka huo kabla ya kuanza, na iufuate hata pale ambapo kuukiuka kungeleta faida ya haraka. Mwenye kuaminika katika kukataa kwake ndiye anayeachiwa nafasi ya kuzungumza.

Marekani ilifanya hivyo kwa namna ambayo bado inastahili kusomwa kwa makini. Ilipohamishia uhusiano wake wa kibalozi Beijing tarehe 1 Januari 1979, haikubaki na ubalozi Taipei, mji mkuu wa Taiwan. Bunge lake lilipitisha mwezi Aprili mwaka huo Sheria ya Uhusiano na Taiwan, ikaundwa taasisi isiyo ya kiserikali ya kuendesha shughuli zote, na kwa miaka mingi maofisa waliopelekwa huko waliachana kwanza na utumishi wa serikali kwa muda wa kazi yao, kisha wakarejeshwa. Sheria hiyo ilisema kwamba kila mahali ambapo sheria za Marekani zinataja nchi za kigeni, maneno hayo yataihusisha Taiwan. Kwa kifungu hicho kimoja mikataba ya biashara, mirathi, hataza na kesi za mahakamani ziliokolewa. Taiwan iliingia Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002 kwa jina refu la eneo la forodha linalojitegemea la Taiwan, Penghu, Kinmen na Matsu. Wengine huyacheka majina ya namna hiyo. Mimi nayaheshimu, kwa sababu nyuma ya kila jina la ajabu kuna watu waliokaa mezani usiku kucha ili bidhaa zipite na vita visiwepo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kosovo pia, pale ambapo mwaka 2012 Kosovo na Serbia, inayodai eneo hilo ni lake, zilikubaliana kwamba katika mikutano ya kikanda jina lake litaandikwa na kinyota, na tanbihi chini ikieleza kwamba jina hilo haliathiri msimamo wa yeyote kuhusu hadhi ya eneo.

Kupro inaonyesha jinsi suluhisho linavyoweza kuchelewa bila sababu. Upande wa kaskazini, uliojitangazia uhuru tarehe 15 Novemba 1983 na kutambuliwa na Uturuki peke yake, ulikuwa ukiuza machungwa na viazi Uingereza. Mwaka 1994 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba vyeti vya afya ya mimea vilivyotolewa na mamlaka ya kaskazini havikubaliki, kwa kuwa mamlaka hiyo haina mtu wa kuwajibika naye kisheria. Uamuzi ule ulikuwa sahihi kisheria, lakini wakulima walibaki na mazao yao. Ilichukua miaka kumi mpaka Umoja wa Ulaya, mwezi Aprili 2004, ulipotunga kanuni ya bidhaa zinazovuka mstari wa mgawanyiko. Cheti kitatolewa na nani? Jibu lilipatikana kwa Chama cha Wafanyabiashara cha Waturuki wa Kupro, kilichoanzishwa mwaka 1958, yaani kabla ya mgawanyiko na kabla hata ya jamhuri yenyewe, na ambacho kwa hiyo hakikuzaliwa na dola inayokataliwa. Mwaka 2021 jibini mashuhuri ya kisiwa hicho ilipopewa ulinzi wa jina, iliandikishwa kwa majina yote mawili, halloumi kwa Kigiriki na hellim kwa Kituruki, na ukaguzi wa kisiwa kizima ukakabidhiwa kwa shirika binafsi. Hakuna aliyetambuliwa hapo, na mfugaji wa kaskazini anaweza kuuza jibini kwa jina lake halali.

Nimekaa sana juu ya vyeti na jibini kwa makusudi. Sera ya nje huwa ya kweli inapofika kwenye karatasi ya aina hiyo.

Moldova nayo inafaa kutazamwa, safari hii kwa kuwa nchi mama yenyewe ndiyo iliyofungua njia. Transnistria, eneo la mashariki mwa nchi hiyo, ilijitenga mwaka 1990, vita vifupi vikapiganwa mwaka 1992, na majeshi ya Urusi yamebaki huko hadi leo. Moldova haikuzuia kampuni za ng'ambo ya mto Dniester zisajiliwe Chișinău na kupata nyaraka za kuuza nje, na tangu mwaka 2016 zimenufaika na mkataba wa biashara kati ya Moldova na Umoja wa Ulaya, hata soko la Ulaya likawa mteja mkubwa wa bidhaa za eneo hilo. Mwishoni mwa mwaka 2017 pande mbili zilitia sahihi makubaliano kuhusu daraja lililokuwa limefungwa, kuhusu shule zinazofundisha kwa alfabeti ya Kilatini, kuhusu wakulima wenye mashamba upande wa pili, na kuhusu namna ya kuthibitisha shahada za chuo kikuu cha Tiraspol ili wahitimu wake wakubalike nje. Mwaka uliofuata wakakubaliana namba za magari zisizo na bendera. Mgogoro mkuu haukutatuliwa. Lakini gesi ya Urusi ilipokatika tarehe 1 Januari 2025, viwanda vikasimama na nyumba zikawa baridi katikati ya majira ya baridi kali, njia za kupitisha msaada na mazungumzo zilikuwa tayari zimeshachongwa.

Linganisheni na Abkhazia, eneo lililojitenga na Georgia. Umoja wa Ulaya ulikubaliana mwishoni mwa mwaka 2009 juu ya sera yenye jina zuri, ya kutokutambua huku ukishirikiana. Kwenye karatasi sera hiyo ilikuwa ndiyo rai ninayoitetea hapa. Kwa vitendo, sehemu ya ushirikiano ilibaki nyembamba mno. Wakazi walio wengi walikuwa wameshapata pasipoti za Urusi, kwa sababu hakuna mwingine aliyewapa hati ya kusafiria waliyoweza kuipokea, na hati zisizotaja hadhi ya eneo, ambazo Georgia ilizianzisha baadaye, zilichukuliwa na watu wachache sana. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Huwezi kumwambia mtu asimtegemee mlinzi wake mmoja wakati kila mlango mwingine umemfungia, kisha ukamlaumu kwa utegemezi huo. Kadiri eneo linavyotengwa ndivyo mlinzi anavyozidi kuwa mwenye nyumba, na nchi mama ikaja kugundua kwamba haizungumzi tena na watu wake wa zamani bali na dola kubwa iliyosimama nyuma yao.

Kuna upande mwingine wa ubaya huu, nao ni utambuzi unaotolewa kama bidhaa. Urusi ilipozitambua Abkhazia na Ossetia Kusini, eneo jingine lililojitenga na Georgia, tarehe 26 Agosti 2008, wiki mbili tu baada ya vita vyake na Georgia, nchi chache zilifuata. Miongoni mwa waliofuata baadaye walikuwemo Tuvalu na Vanuatu, visiwa vidogo vya Pasifiki, ambavyo vyote viwili vilibatilisha ndani ya miaka michache na kuanzisha uhusiano na Georgia. Sizilaumu nchi maskini kwa kutafuta marafiki. Nasema tu kwamba utambuzi unaoweza kurudishwa dukani haumlindi mtu yeyote, na unawafundisha wakazi wa eneo husika kwamba hatima yao inapigwa mnada mahali wasipopajua.

Kinyume chake nitawakumbusha Biafra, eneo la mashariki mwa Nigeria lililojitenga. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra, na ndani ya wiki chache Gabon, Côte d'Ivoire na Zambia zikafuata. Uamuzi huo ulikwenda kinyume na msimamo wa karibu bara zima, na kinyume na azimio la Cairo ambalo Tanzania yenyewe ndiyo iliyolipendekeza. Mwalimu Julius Nyerere aliutetea hadharani na kwa hoja, akisema umoja wa nchi hujengwa juu ya ridhaa ya watu wake, na kwamba wananchi wakishaona dola haiwezi tena kuwalinda, umoja huo umepoteza msingi. Biafra ilisalimu amri Januari 1970, na wapo wanaosema mpaka leo kwamba utambuzi ule ulirefusha vita. Huenda. Ninachokiheshimu ni kwamba serikali ilisimama mbele ya dunia na kueleza kwa maandishi kwa nini inafanya inachofanya, ili kila mtu aipime na kuihukumu. Haikuficha sababu, na haikulipwa.

Nafika kwenye mfano wa mwisho, ambao unaniuma kuliko yote.

Nagorno-Karabakh, eneo la Waarmenia ndani ya mipaka ya Azerbaijan, ilijitangazia uhuru mwaka 1991. Kwa miaka zaidi ya 30 ilikuwa na rais, bunge, shule na mahakama, na hakuna nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa iliyoitambua, hata Armenia iliyokuwa tegemeo lake lote. Dunia ilisema eneo ni la Azerbaijan, na kisheria ilisema sawa. Lakini kwa kuwa eneo halikutambuliwa, wengi waliona kwamba hata kulitembelea au kuzungumza na wakazi wake kungeonekana kuwa kosa. Mabalozi walijua majina ya vijiji kwa kusoma ramani tu. Mwezi Desemba 2022 barabara ya Lachin, iliyokuwa njia pekee ya kwenda Armenia, ilifungwa, na chakula na dawa vikaanza kupungua. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru mwezi Februari 2023 kwamba watu na mizigo waruhusiwe kupita. Hawakupita kama ilivyoamriwa. Tarehe 19 Septemba 2023 Azerbaijan ilianzisha mashambulizi yaliyodumu siku moja, na ndani ya siku chache zaidi ya watu 100,000, karibu wakazi wote, walikuwa wamekimbia. Tarehe 1 Januari 2024 dola hiyo ilifutwa rasmi.

Watu hao walifika Armenia wakiwa na pasipoti za Armenia, kwa maana hizo ndizo walizokuwa wakisafiria kwa miaka yote. Zilikuwa na alama ya pekee, namba 070, na serikali ya Armenia ikaeleza kwamba pasipoti yenye namba hiyo ni hati ya kusafiria tu na haimaanishi uraia. Wakapewa ulinzi wa muda wa wakimbizi, kisha wakafunguliwa njia ya kuomba uraia. Mtu aliyekuwa ameishika pasipoti hiyo tangu ujana wake aliambiwa mezani, siku chache baada ya kupoteza nyumba, kwamba hakuwa raia wa nchi aliyodhani ni yake.

Kila wizara ya mambo ya nje ina majalada ya maeneo ya aina hii. Ombi langu kwenu, mtakapokabidhiwa jalada lolote kati ya hayo, ni kwamba mbali na ukurasa unaoeleza kwa nini serikali yenu haiitambui dola hiyo, muongeze ukurasa mwingine unaoeleza kama eneo hilo likitoweka wiki ijayo watu wake watabaki na karatasi zipi mkononi, ni zipi kati ya hizo ninyi mtazikubali, na ni ofisa gani amepewa mamlaka ya kuzikubali bila kusubiri idhini. Ukurasa huo utahitaji kuonyeshwa kwa nchi mama, utahitaji kupitiwa na mwanasheria, na utahitaji kusahihishwa kila mwaka. Uandikeni wakati barabara bado ziko wazi.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa niko tayari kupokea maswali yenu.